"Ulikuwa Unalipwa Ngapi?" Hilo Swali Lina Historia

Wasee, mwaka jana nilipata kazi ya kuhariri video hapa Nairobi. Kabla waniambie wao wanalipa ngapi, jamaa wa HR akaniuliza: "Kazi ya mwisho ulikuwa unalipwa ngapi?" Nikasema ukweli, 18,000. Ofa ikakuja na 20,000. Nikashukuru, nikasaini. Miezi mitatu baadaye nikajua aliyekuwa kwa hicho kiti kabla yangu alikuwa anapata karibu mara mbili.

Nilijilaumu sana. Halafu nikasoma kuhusu kipande.

Shuleni tulikariri kipande kama kitambulisho cha mkoloni, tukajibu swali la mtihani, tukasahau. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kubana watu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitembea na hiyo karatasi ndani ya kikebe cha chuma, kinaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Sasa cheki kilichoandikwa ndani: jina, alama za vidole, mwajiri, kazi, tarehe, na mshahara. Mshahara! Ukienda kuomba kazi kwa shamba lingine, mzungu hakuwa na haja ya kukuuliza unataka ngapi. Anafungua kikebe tu. Kama ulilipwa kidogo jana, leo wewe ni mtu wa kidogo. Na huwezi kutoroka uanze upya, maana kuacha kazi bila mwajiri kutia sahihi lilikuwa kosa la jinai. Yeye anajua bei yako, wewe hujui mfuko wake. Hayo si mapatano.

Mwaka wa 1921 walowezi wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku akasimama kupinga hiyo, pamoja na kipande na kodi. Machi 1922 akakamatwa, watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akiwapa changamoto wanaume waliosita. Polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 wakafa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Ni hapo karibu na hoteli ya Norfolk. Kabla niache chuo nilikuwa napita hapo nikiwaza tu chipsi.

Kwa hivyo ukiulizwa hilo swali, kumbuka kikebe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inasema ukitoka kazini mwajiri akupe cheti cha huduma. Kinataja mwajiri, jina lako, kazi uliyofanya, mahali, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mshahara haumo kwenye hiyo orodha. Kwa nini uubebe shingoni mwenyewe?

Usidanganye. Jibu kwa heshima: "Ningependa kwanza kujua bajeti ya hii nafasi." Halafu uliza kama pesa ya nyumba iko ndani ya hiyo hesabu au ni kando, maana kifungu cha 31 kinaitaja. Uliza likizo pia, sheria inasema siku zisipungue 21 za kazi kwa mwaka.

Wanaweza kukataa. Sawa. Lakini wakatae bei uliyotaja wewe, si ile uliyoandikiwa na bosi wa jana.