Mchoro wa Daraja Lililobomoka: Tuusomeje?

Sisi wa Pwani tunajua jinsi daraja linavyoweza kutoweka machoni likabaki midomoni. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931, likastaafu lilipokuja la zege mwaka 1980. Leo limebaki kwenye picha na masimulizi ya wazee. Kwa hiyo nikionyeshwa mchoro wa enzi ya mkoloni, daraja limevunjika mtoni na chini pameandikwa Migori au Homa Bay, huwa natazama mambo matatu.

Kwanza, ulivyotengenezwa. Mchoro wa tindikali huanzia kwenye bamba la shaba lililopakwa nta. Msanii hukwaruza nta kwa sindano, kisha bamba hutiwa tindikali, nayo hula shaba pale palipo wazi tu. Mifereji hiyo hujazwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Picha hutoka imegeuka kama kwenye kioo. Msanii asipochora kinyume tangu mwanzo, ukingo wa kushoto huwa wa kulia. Basi usimbishie mwenyeji kwa ushahidi wa mchoro peke yake.

Pili, wakati. Eneo hilo lilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902, lilipohamishiwa himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Kufikia hapo magazeti ya London yalikwisha kuanza kuchapa fotografia. Kwa maoni yangu, mchoro wa baada ya hapo usomwe kama kazi ya sanaa kabla ya kuufanya taarifa ya habari. Mkono wa msanii huweza kuongeza ufa au kupunguza watu.

Tatu, mto wenyewe. Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, hushuka kutoka nyanda za juu za Kisii, hupokea maji ya mto Migori, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa Nyatike, ambako mafuriko si mageni. Daraja kubomoka huko halihitaji vita wala uzembe wa mtu, mvua inatosha. Ila mchoro wa magofu hautakwambia nani alibeba mawe, wala watu walivukaje baadaye. Hayo wanayo wazee.

Ndugu msomaji, kama una picha ya zamani nyumbani, iandike nyuma kwa penseli: mto gani, ukingo upi, mwaka, na nani aliyekusimulia. Fanya hivyo angali yupo wa kumuuliza.