Kutoka Tundu la Palm hadi Ufunguo wa Siri: Historia ya Kuifuta Kompyuta ya Kiganjani

Mwaka 1996 kampuni ya Marekani ya U.S. Robotics iliingiza sokoni kompyuta ndogo inayoenea kwenye mfuko wa shati, ikaiita Pilot. Baadaye ilikuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Palm. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, alitangulia kutembea na kipande cha mbao mfukoni ili apime ukubwa ambao mtu anaweza kuubeba kutwa bila kuudhika. Toleo la bei nafuu lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na mgongoni kulikuwa na kitundu kidogo.

Kitundu hicho kilikuwa mkombozi. Kioo kikiganda, mtumiaji alinyoosha klipu ya karatasi, akaipenyeza humo na kubonya taratibu. Mashine ilijizima na kujiwasha, taarifa zake zikiwa salama. Iwapo programu mbovu iliendelea kuikwamisha, ilibaki hatua kali zaidi: kushikilia kitufe cha kuwashia huku unabonya kitundu. Hapo kioo kilionya kwamba kila kitu kitafutwa, kisha kikasubiri uamuzi. Ukibonya kitufe cha kupandisha, anwani, ratiba na madokezo vyote vilikwenda. Ukibonya kingine chochote, vilibaki.

Chipu mbili, kazi mbili

Ufutaji huo ulikuwa wa kuaminika kwa sababu ya namna mashine ilivyojengwa. Mfumo endeshi ulikaa kwenye chipu ya kudumu ambayo programu za kawaida hazikuweza kuibadilisha. Kazi za mtumiaji zilikaa kwenye chipu nyingine, iliyohitaji umeme saa zote ili isisahau. Ukiifuta hiyo ya pili, ile ya kwanza iliamka kama ilivyotoka kiwandani.

Ubora huo ulikuwa na gharama yake. Betri zikiisha kabisa, mashine ilijifuta bila kuulizwa. Ndiyo maana Palm iliuzwa na kitako chenye kitufe kimoja, cha kunakili taarifa kwenda kwenye kompyuta ya mezani. Baada ya kuifuta, mwenyewe aliirudisha kitakoni, akachagua jina lake, na ratiba yake ikarejea.

Mashine hizi zilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Nchini Uganda, mradi ulioanza mwaka 2003 uliwapa watumishi wa afya kompyuta za Palm za kukusanyia taarifa vituoni, kisha taarifa hizo zikatumwa kupitia mtandao wa simu za mkononi. Katika kazi ya namna hiyo, takwimu zikipotea kwa betri kuisha, ni jasho la watu limepotea.

Kufuta kusikofuta

Mwaka 2004 simu ya Treo 650 ilianza kuweka taarifa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Hofu ya betri ikaisha, likazuka tatizo la kinyume chake: taarifa sasa ziligoma kutoka. Chipu za aina hii mara nyingi huweka tu alama kwamba nafasi iko wazi, na kilichoandikwa hubaki mpaka kiandikwe kingine juu yake.

Ukubwa wa tatizo ulionekana mwaka 2015, pale Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipopima simu 21 za Android zilizokwisha tumika. Ingawa zilikuwa zimerudishwa katika hali ya kiwandani, walifukua humo ujumbe na hata vibali vya kuingilia kwenye akaunti za wenyewe.

Dawa ilikuwa imeshaanza kupatikana. iPhone 3GS ya mwaka 2009 iliandika taarifa zote kwa fumbo lenye ufunguo ndani ya simu. Kufuta kukawa ni kuuteketeza ufunguo tu. Maandishi yanaweza kubaki, lakini hayasomeki tena. Android nayo ilifuata, na kuanzia toleo la 6.0 la mwaka 2015 simu mpya zenye nguvu ya kutosha zilitakiwa kuandika taarifa kwa fumbo tangu zinapoandaliwa kwa matumizi ya kwanza.

Wezi nao wakawekewa kizuizi. Tangu mwaka 2013 kwa iPhone, na 2015 kwa Android, simu iliyofutwa kwa nguvu inaweza kuendelea kudai akaunti ya mwenyewe. Kwa hiyo anayenunua simu ya mtumba amwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yake, kabla ya kumlipa.

Safari hii inaonyesha kwamba kuanza upya kunahitaji mambo matatu: mfumo safi ambao haujaguswa, nakala iliyohifadhiwa mahali pengine, na ufutaji wa kweli. Palm iliweka la kwanza na la pili wazi mbele ya mtumiaji. Leo yote matatu yanawezekana kwenye simu zetu, lakini nakala bado haijitengenezi mpaka mwenyewe aiwashe. Aiwashe leo, simu ikiwa bado nzima.