Thanjavur: Dhahabu ya Wafalme Wasio na Dola

Thanjavur, kwenye delta ya mto Kaveri kusini mwa India, ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Chola. Mwaka 1010 mfalme Rajaraja alikamilisha hapo hekalu la Shiva, Brihadisvara. Kutani mwake mna michoro ya enzi hizo. Baadaye watawala wa Nayaka walichora yao juu yake, na ile ya awali ikasahaulika hadi ilipogunduliwa mwaka 1931.

Picha zilizoupa mji huu sifa, hata hivyo, huchorwa juu ya ubao. Vijayanagara, dola ya kusini mwa India, iliposhindwa vitani Talikota mwaka 1565, wachoraji wake walielekea kusini kutafuta wafadhili. Waliwatumikia Wanayaka, kisha Wamaratha walioutwaa mji katika miaka ya 1670.

Fundi hugandisha kitambaa juu ya ubao, aghalabu wa mfenesi, kisha hupaka unga wa chaki uliochanganywa na gundi na kuusugua mpaka ulainike. Akishachora, huinua taji, mikufu na nguzo kwa rojo zito la chaki hiyohiyo, hupachika vioo na vito, hubandika dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno, kisha hutia rangi. Anayependwa sana ni Krishna mtoto: mnono, donge la siagi mkononi, mkubwa kuliko wote waliomzunguka. Dhahabu ile ina kazi. Chumba cha ibada huwa na giza, na mapambo yaliyoinuka hunasa mwanga wa taa ya mafuta, hivyo muumini humwona mungu wake kabla ya kitu kingine.

Sanaa hii ilistawi zaidi ufalme ulipokuwa umedhoofika. Serfoji wa Pili, mfalme wa Kimaratha, alitawazwa mwaka 1798. Mwaka uliofuata, kwa mkataba, utawala wa nchi uliingia mikononi mwa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, naye akabaki na ngome, kasri na posho. Kwa kuwa hakuwa tena na vita vya kugharimia, alitumia mali yake kwa maktaba ya Saraswati Mahal, tiba, muziki na uchoraji.

Mwaka 1855 mwana wa Serfoji alifariki bila mrithi wa kiume, na Kampuni ikauchukua ufalme. Wachoraji hawakuondoka na wafalme, maana picha ya ubao hutundikika popote: wafanyabiashara matajiri wa Kichettiar na familia za kawaida walikuwa tayari wakiziagiza kwa ibada za nyumbani. Hekalu la Rajaraja lilihitaji kodi na majeshi. Picha ilihitaji mnunuzi mmoja tu, ndiyo maana ingali inachorwa Thanjavur.