Vitufe vya Kioo kwenye Skrini

Tarehe 5 Januari 2000, kwenye maonyesho ya Macworld jijini San Francisco, Steve Jobs alizindua Aqua, sura mpya ya kompyuta za Apple. Vitufe vyake vya buluu vilimeremeta kama peremende iliyolowa, na Jobs mwenyewe alisema shabaha mojawapo ilikuwa mtu akiviona atamani kuviramba. Kabla ya hapo kitufe cha kawaida, kama cha Windows 95, kilikuwa kibamba cha kijivu chenye ukingo mweupe juu na mweusi chini.

Wachoraji wa tovuti waliuiga mtindo huo, na zana walikuwa nazo. Photoshop ilikuwa na matabaka tangu 1994, na toleo lake la 6, la mwaka 2000, lilirahisisha kuhifadhi vivuli na ming'ao ili itumike tena kwenye umbo jingine. Asiyemudu bei yake alitumia GIMP, ya bure.

Kazi ya kuchora kitufe hicho huanza na mstatili wenye pembe za mviringo. Rangi yake huwa nzito juu, ikapauka na kung'aa kuelekea chini. Hapo ndipo wanagenzi hukosea: mkono uliozoea kuchora mpira hutaka giza likae chini. Lakini mpira huzuia mwanga. Kioo huupitisha, nao ukiingia kwa juu hujikusanya upande wa pili. Kisha, kwenye tabaka jingine, huchorwa umbo jeupe dogo kidogo kuliko kitufe, likifunika nusu ya juu na kufifia likikaribia katikati. Ni kama taa inayojitazama kwenye kioo. Maandishi hulazwa chini ya weupe huo ili yaonekane yamo ndani. Kivuli nacho hutiwa rangi kidogo, maana kitufe chekundu chenye kivuli cheusi tii huonekana jiwe.

Adha ilikuwa kwenye vivinjari. Picha za GIF zilijua piseli inayoonekana na isiyoonekana tu, na Internet Explorer 6 haikuweza kuonyesha ipasavyo uwazi wa kadiri wa picha za PNG. Kwa hiyo pembe zilipakwa rangi ya ukurasa wenyewe. Ukurasa ukibadilishwa rangi, kila kitufe kilibaki na ukoko wa rangi ya zamani pembeni.

Mwaka 2007 Windows Vista ilitia kioo kwenye fremu za madirisha, na iPhone ikaja na alama zenye mng'ao uleule. Baadaye vivinjari vikajifunza kuchora pembe za mviringo na rangi zinazofifia kwa msimbo wa CSS, bila picha. Windows 8 (2012) na iOS 7 (2013) zikaleta sura bapa, na vioo vikafutwa.

Juni 2025 Apple ilitangaza Liquid Glass. Kioo hiki kipya hakichorwi mara moja kikahifadhiwa: kifaa hukokotoa papo hapo jinsi kilicho nyuma ya kitufe kinavyopinda, kidole kikisogeza ukurasa.