Reli Iliyong'olewa na Reli ya Mezani

Kisiwa cha Unguja kimewahi kuwa na reli mbili, na zote mbili zimekwisha ng'olewa. Ya kwanza ilitandikwa katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888. Ilitoka mjini ikaelekea kwenye kasri yake ya Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Sayyid alipofariki, reli yake nayo haikudumu. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ikafunguliwa mwaka 1905. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya katika njia nyembamba za mji, ikaishia Bububu, mwendo wa maili 7. Serikali iliinunua mwaka 1911. Mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, kwani motokaa zilikwisha kuishinda. Kwa miaka michache iliyobaki ilibeba mawe, kisha ikanyamaza.

Chuma kiking'olewa, hubaki maneno. Wako wanaosimulia kwamba Bububu imepata jina lake kutokana na mlio wa gari moshi. Hadithi ni tamu, lakini tarehe haziikubali. Bibi Salme, bintiye Sayyid Said na nduguye Barghash, aliitaja Bububu katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1886, miaka 19 kabla ya gari hilo kupita huko. Jina ndilo lililotangulia. Gari moshi lilikuja baadaye, likajitia ndani ya jina. Ndivyo ilivyo kumbukumbu ya masikio: huihifadhi sauti, ikaupoteza mpangilio wa mambo. Basi kitu kilichong'olewa kikumbukwe vipi, ili kisigeuke kuwa ngano tupu?

Jibu moja la swali hilo lilizaliwa mahali pasipotarajiwa, miongoni mwa vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha gari moshi la kuchezea lenye reli za vipimo maalumu. Aliyenunua vipande vichache leo aliweza kuongeza vingine kesho, na vyote vikaungana. Mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool naye akaanza kuuza magari moshi yanayokwenda kwa kutiwa ufunguo kama saa. Mtoto wa Kizungu akawa na gari moshi lake, kama mtoto wa pwani alivyo na ngalawa yake ya kuchonga. Lakini watu wazima waliingia katika mchezo huo, na walipoingia, swali lilibadilika. Mtoto huuliza: linakwenda? Mtu mzima aliuliza: ndivyo lilivyokuwa?

Swali hilo la pili ni swali la mwanahistoria, na lilileta ugomvi mara moja. Huko Uingereza kipimo kilichoenea ni cha milimita 4 kwa kila futi 1 ya kitu cha kweli. Reli ya kawaida ya nchi hiyo ina upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu. Kwa kipimo hicho, reli ya mezani ingepaswa kuwa na upana wa milimita 18.83. Viwanda viliifanya 16.5, upana ulioazimwa kutoka kwenye kipimo kingine kilicho kidogo zaidi. Basi kila gari likawa na kiwiliwili kipana juu ya miguu iliyobanana. Wengi waliridhika. Wachache hawakulala usingizi kwa ajili ya milimita 2 na ushei, wakaanza kutandika reli zao wenyewe kwa mkono.

Mmoja wa watu wa namna hiyo alikuwa Roye England, kijana aliyefika Uingereza kutoka Australia mwaka 1925. Alihuzunika kuona nyumba za vijijini za kuezekwa kwa majani zikibomolewa au kuvuliwa mapaa yake. Hakuwa na uwezo wa kuzuia, ila alikuwa na uwezo wa kupima. Mwaka 1954 akaanzisha makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, ambamo bonde zima la miaka ya 1920 na 1930 lilianza kujengwa upya kwa kipimo cha milimita 4, nyumba kwa nyumba, pamoja na reli yake. Miaka 9 baadaye, mwaka 1963, ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 za Uingereza. Njia nyingi ziling'olewa, na zilizopata fundi wa kuzipima zikabaki na umbo juu ya meza.

Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi 3. Kwa kipimo hicho hicho, upana wake mezani ni milimita 12 kamili, na maili zake 7 zingehitaji chumba chenye urefu wa karibu mita 148. Chumba cha namna hiyo hakipatikani kwa urahisi; basi fundi atachagua, kama mshairi anayebanwa na mizani achaguavyo neno na kuliacha jingine. Pengine ataiacha njia yote, atwae kipande kimoja tu cha mjini. Hapo ndipo kazi itakapoanza. Kuta zilikuwa umbali gani kutoka kwenye mabehewa? Mataruma yalikuwa ya mti gani? Abiria walipandia upande upi? Hadithi ya mlio wa gari haina haja ya kuyajua hayo. Mfano mdogo hauwezi kusimama bila ya kuyajua, kwa kuwa kila pahala pasipojulikana panabaki tundu juu ya meza, na kila apitaye analiona.