Historia ya Taa za Vyombo vya Majini

Nuru ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumwonyesha mtu njia yake; kazi ya pili ni kuwajulisha wengine mahali alipo na kule aendako. Kazi ya kwanza hufahamika na kila mtoto ashikaye kurunzi. Kazi ya pili haikufahamika upesi, na wanadamu waliijifunza kwa hasara ya vyombo na roho nyingi.

Mwanafunzi wa Kegonga, akaaye katika vilima vya Kuria, aweza kudhani kuwa habari za vyombo hazimhusu, maana Ziwa la Viktoria li mbali naye upande wa magharibi. Walakini kaunti yake ya Migori huteremka hata ikafika pwani ya ziwa hilo, penye Muhuru na Sori, na dagaa wapimwao kwa vikopo katika masoko ya bara huvuliwa usiku na watu walio katika mashua ndogo. Tena, ndege ipitayo usiku juu ya vilima vyake ina taa nyekundu katika bawa la kushoto na taa ya kijani katika bawa la kulia. Desturi hiyo haikuzaliwa angani. Ilirithiwa kutoka majini. Yafaa, basi, tuitazame asili yake.

Katika zama za matanga, nahodha aliyeona chombo kingine aliweza kukisia mwendo wake, kwa kuwa chombo cha tanga hakiwezi kwenda kinyume cha upepo. Meli za moshi zilipokuja, kisio hilo lilibatilika. Meli ya moshi yaweza kwenda upande wowote itakao, tena kwa kasi. Taa nyeupe moja haikutosha tena, maana ilisema tu kwamba chombo kipo, wala haikusema kinakuja au kinakwenda zake.

Mwaka 1848 Uingereza iliamuru meli zake za moshi zichukue taa tatu usiku: nyeupe juu ya mlingoti, nyekundu ubavu wa kushoto, na kijani ubavu wa kulia. Miaka kumi baadaye, yaani 1858, vyombo vya matanga vya Kiingereza navyo vilitakiwa kuwasha taa za rangi ubavuni. Mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa zilipatana juu ya kanuni moja, na mataifa mengine yakaifuata. Mwaka 1889 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Washington kuzitengeneza kanuni hizo, na zile zitumikazo leo zilitungwa London mwaka 1972, zikaanza kufuatwa mwaka 1977.

Ubora wa taa hizi hauko katika ukali wa mwanga wake, bali katika mipaka yake. Kila taa ya ubavuni hukingwa isionekane ila kutoka omo moja kwa moja hata kupita kidogo usawa wa ubavu, yaani nyuzi 112 na nusu. Taa nyeupe ya tezi huangaza nyuzi 135 nyuma. Ukizijumlisha taa hizo tatu utapata nyuzi 360, duara kamili. Hapana upande ambao chombo hakionekani. Basi atazamaye gizani akiona nyekundu na kijani pamoja, hujua kuwa chombo kinamjia uso kwa uso. Hapo, vikiwa vyombo vya injini, kila kimoja chapaswa kugeukia kulia, vipishane kushoto kwa kushoto. Akiona nyekundu tu mkono wake wa kulia, hujua kuwa chombo kinamkatia njia, na ni wajibu wake yeye kukiepa. Akiona kijani mkono wake wa kushoto, ni zamu ya mwenzake kuepa. Hivyo rangi imekuwa lugha, na watu wasiojuana, wala wasioweza kusikizana, huafikiana kwa kutazama tu.

Lugha hiyo ilifika ziwani petu pamoja na meli za moshi. Mwaka 1900 meli William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza, iliungwa na kushushwa majini Kisumu. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill kabla ya mwaka 1910. Lakini wavuvi wa Homa Bay, Mbita, Rusinga na Karungu waliendelea na mitumbwi na mashua zao za makasia na tanga, na safari zao nyingi zilikuwa za polepole.

Baadaye uvuvi wa dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena, ulijaza taa juu ya ziwa. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha karabai, au siku hizi taa za betri, samaki wakusanyike penye mwanga na kuvuliwa kwa nyavu. Atazamaye kutoka milimani hudhani ameona mji juu ya maji. Lakini taa hizo huita samaki. Hazimwambii nahodha ajaye kwa injini kama mashua imesimama au inakwenda, wala omo yake imeelekea wapi. Ndiyo ajabu ya ziwa letu: mahali penye taa nyingi paweza kuwa mahali pa kugongana, kwa sababu taa hizo hazina maneno.

Tangu injini za kufungwa tezini zilipoenea, hatari hiyo imezidi. Kanuni za mwaka 1972 hazimtaki mwenye chombo kidogo asichokiweza. Mwenye makasia huruhusiwa kuwa na kurunzi au taa nyeupe tayari mkononi, aionyeshe mapema kabla ya kugongana. Chombo cha injini kisichofika mita 7, na kisichoweza kupita mwendo wa noti 7, chaweza kuchukua taa nyeupe moja ionekanayo pande zote. Kilicho kikubwa au chepesi kuliko hicho chahitaji taa za rangi.

Kuzifunga si kazi ngumu kwa mtu aliyesoma umeme shuleni. Betri ya volti 12 huwekwa mahali pakavu, ikafungwa isiteleze. Karibu na ncha yake chanya hutiwa fyuzi, ili waya zikigusana, fyuzi ikatike kabla mashua ya mbao haijashika moto. Kila taa hupelekewa waya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zenye unene wa kutosha, kwa kuwa waya nyembamba iliyo ndefu hupunguza nguvu na kufifiza taa. Viungio huzibwa maji yasiingie, maana shaba iliyolowa huliwa na kutu ya kijani. Taa nyekundu na kijani hukingwa kwa vibao vyeusi, mwanga usivuke omo ukaonekana upande usio wake.

Zamani gharama ya umeme ilikuwa kikwazo. Glopu tatu za wati 10 hula ampea 2.5, nazo zikiwaka saa 10 hutumia ampea-saa 25. Taa za kisasa za wati 2 kila moja hutumia ampea-saa 5 tu kwa muda uo huo, na paneli ndogo ya jua yaweza kuirudishia betri mchana kile ilichopoteza usiku.

Kenya iliunda kwa sheria, mwaka 2006, Mamlaka ya Bahari, ambayo husimamia usalama wa vyombo hata katika maziwa. Lakini sheria haiwezi kupanda katika kila mashua itokayo Muhuru magharibi. Hata leo zipo mashua ziendazo gizani bila taa, wenyewe wakitegemea kuwaona wengine. Hapo ndipo lilipo kosa: kila mmoja akitegemea macho yake tu, hakuna aonekanaye. Awashaye taa ubavuni mwa chombo chake hapati mwanga wa kuonea njia. Huwapa wengine nafasi ya kumwepa, naye hulindwa na wema uo huo kwa taa za wenzake.