Sheria ya Brooks: Kwa nini kuongeza watu huchelewesha programu

Mradi wa programu umechelewa. Bosi anasema: "Ongezeni watu." Kumbe hapo ndipo unazidi kuchelewa.

Hiyo ndiyo Sheria ya Brooks. Miaka ya 1960, Fred Brooks alisimamia uundaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM. Kuna wakati zaidi ya watu 1,000 walikuwa kwenye kazi hiyo, na bado ilichelewa. Mwaka 1975 alieleza somo hilo katika kitabu chake, The Mythical Man-Month.

Sababu ni tatu:

1. Wageni lazima waelekezwe, na wanaowaelekeza ni walewale waliokuwa wakiandika kodi.

2. Mawasiliano yanaongezeka. Watu 5 wakizungumza wawili wawili, kuna njia 10. Wakiwa 10, njia ni 45.

3. Kuna kazi hazigawanyiki. Mimba ni miezi 9, hata ukikusanya wanawake 9.

Ufanyeje basi? Punguza vitu kwenye toleo la kwanza, au mwambie mteja mapema kwamba tarehe itasogezwa. Kama ni kuongeza watu, waongeze mwanzoni, sio wiki ya mwisho.